Wageni wa mikutano wapelekwe miji yetu ya kale

Mhariri,

Mimi ni dereva wa wageni hapa Nairobi. Mkutano ukiisha pale KICC, jumba letu la mikutano, ratiba ni ile ile: mbuga, twiga, duka la vinyago, kisha uwanja wa ndege. Juzi mgeni mmoja aliniuliza kama Kenya ina mji wowote wa zamani. Iliniuma. Tuna Lamu, iliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na Mombasa yenye Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593.

Treni ya SGR inafika Mombasa kwa saa tano hivi. Siku mbili zinatosha (Lamu ni haraka zaidi kwa ndege).

Lakini wasikimbizwe. Mji wa Kale ni wa kutembea kwa miguu, asubuhi kabla jua halijawa kali, pamoja na mwenyeji anayejua baraza za mawe zilijengwa kwa ajili gani, na atakayemsimamisha mgeni mbele ya mlango wa nakshi aupapase mchongo kwa vidole. Watembezaji hao wapo. Waandaaji wawaweke kwenye ratiba tangu mwanzo, na wawalipe vizuri.

Dereva wa wageni,
South B, Nairobi