Dereva wangu hakuiba dizeli, ni mipira iliyobadilishwa

Mheshimiwa Mhariri,

Assalaam aleikum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Nilimtuhumu mtu wizi mbele ya watu hapa Wete, Pemba, na sasa nina hakika kwamba hakuiba. Tena chanzo chake ni jambo linaloweza kumkuta mwenye gari yeyote, na sikuona mtu akilieleza.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Marehemu mume wangu aliniachia gari moja ya mzigo, Mitsubishi Canter ya zamani, na ndiyo inayotulisha nyumbani. Inabeba mchanga na matofali, na msimu wa karafuu ukifika inabeba magunia ya karafuu, na makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kuyapeleka kiwandani Wawi. Dereva wake ni kijana niliyemsomesha mwenyewe tangu darasa la tano. Mpaka leo haniiti tajiri, ananiita Mwalimu.

Kila mwisho wa mwezi naandika daftarini kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi na lita za dizeli zilizotiwa. Hesabu hiyo ilikuwa haitikisiki: kilomita kama 1,800 kwa lita 280, yaani kilomita 6.4 kwa kila lita, ikizidi au ikipungua ni kidogo sana. Mwezi wa saba mwaka jana mipira, yaani matairi, ilikuwa imekwisha, nyuzi zinaonekana. Muuzaji akatwambia saizi yetu, 7.50R16, imemalizika, lakini anayo 8.25R16. "Ringi ni ile ile kumi na sita," alisema. "Itaingia, na gari itanyanyuka, haitokwama kwenye matope." Nikakubali. Ikaingia kweli, na gari ikanyanyuka kweli. Hakusema jengine.

Mwezi wa nane daftari likaonyesha kilomita 1,700 kwa lita zile zile 280. Nikapiga hesabu mara mbili. Kwa mwendo wa kilomita 1,700 gari ilipaswa kunywa lita 264, kwa hiyo lita 16 hazikuwa na maelezo. Mwezi wa tisa hali ikawa hivyo hivyo. Lita 16 ni chini kidogo ya dumu moja la lita 20, na kila mtu anayemiliki gari ya mzigo anajua dumu la dizeli linavyopotea njiani usiku.

Nilimkabili dereva wangu barazani, baada ya sala ya alasiri, watu wamekaa wanakunywa kahawa. Ningeweza kumwita ndani. Sikumwita. Akaniambia, "Wallahi, Mwalimu, sijagusa hata tone." Nikamjibu kwamba daftari halina ulimi wa kusema uongo. Nikamkata mshahara thamani ya lita 32 za miezi miwili. Hakubishana. Aliendelea kuja alfajiri, akapima maji na oili, akawasha gari kama kawaida yake, ila maneno yakapungua kati yetu.

Katika miezi hiyo hiyo aliniambia mambo mawili ambayo sikuyatia maanani. Kwanza, kwamba gari imekuwa nzito kupanda vilima, na Pemba hii ni vilima na mabonde mwanzo mwisho, hivyo gia ya tatu haifiki ilipokuwa ikifika. Pili, kwamba ikiwa na mzigo inachelewa kusimama. Nilidhani anatafuta visingizio. Nikampeleka fundi aangalie pampu na nozeli, nikalipa, na hakuona kitu.

Aliyetuonyesha ni fundi mzee wa hapa Wete, tulipompelekea gari kwa jambo jengine kabisa, springi ya nyuma. Alizunguka gari mara moja, akainama chini kuutazama mpira wa akiba, akauliza: "Mwalimu, mbona akiba ni 7.50 na hii iliyovaliwa ni 8.25? Mita mulirekebisha?" Sikujua anazungumza nini.

Akaushusha mpira wa akiba, ambao ulikuwa haujatumika, akavua mmoja wa ile mipya. Akaniomba futi ya ushonaji. Tukaizungusha kwenye kila mpira, juu ya meno yake. Wa 7.50 ulipata sentimita 253. Wa 8.25 ulipata sentimita 268. Nikakaa juu ya tofali. Nimesomesha mzingo wa duara kwa zaidi ya miaka 30.

Naeleza kwa wasiojua, kama nilivyokuwa sijui mimi. Ile 16 iliyoandikwa ubavuni ni upana wa tundu la katikati, pale panapokaa chuma, kwa inchi. Ile 7.50 au 8.25 ni unene wa mpira, pia kwa inchi, na katika mipira ya aina hii unene ukizidi, kimo nacho kinazidi. Kwa hiyo "ringi ni ile ile" ni kweli, lakini mpira si ule ule. Na dashibodi haioni barabara. Katika gari kama yangu, kuna gia ndogo ya plastiki ndani ya giaboksi, inazungusha waya mrefu unaopanda mpaka kwenye mita. Inachojua mita ni kwamba shafti imezunguka mara kadhaa, basi. Kiwandani Japani waliipigia hesabu kwa mpira wa 7.50. Mpira mkubwa ukizunguka mara moja unakwenda sentimita 15 zaidi, na hizo sentimita 15 mita haizihesabu kabisa. Ndiyo maana kila kilomita 106 gari ilizokwenda, dashibodi iliandika 100.

Sasa rudi kwenye daftari langu. Kilomita 1,700 zilizoandikwa, ukizidisha kwa 1.06, unapata 1,802. Dizeli yote ilikuwa barabarani. Hakuna tone lililouzwa.

Na yale mawili aliyoniambia yalikuwa kweli. Mpira mkubwa ni kama kubadilisha gia zote za gari kuwa nzito zaidi. Breki nazo ni zile zile lakini zinakamata gurudumu refu zaidi, kwa hiyo mkamato wake chini unapungua. Halafu kuna spidi. Mshale ukionyesha 50, gari iko 53. Ukionyesha 80, iko karibu 85. Mtu atasema kilomita tatu ni kitu gani. Lakini nguvu ya gari inayokwenda haiongezeki sawasawa na spidi, inaongezeka kwa kipeo cha pili: spidi ikizidi asilimia 6, nguvu ambayo breki lazima ziimalize inazidi asilimia 12. Gari ikiwa na mchanga nyuma, ikiteremka, na chini kuna skuli inayotoka saa sita na nusu, hilo si dogo. Nimesimama miaka mingi kando ya barabara nikiwavusha watoto. Na kijana wangu alikuwa akiendesha kwa uangalifu wote, akitazama mshale ambao ulikuwa ukimdanganya.

Nimesoma baadaye kwamba Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari inataka mita isionyeshe kamwe spidi ndogo kuliko ya kweli. Kuonyesha kubwa inaruhusiwa, ila ziada isizidi asilimia 10 ya spidi ya kweli ukijumlisha kilomita 4 kwa saa. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi huiacha mita izidishe kidogo, na gari nyengine zikivaa mpira mkubwa mshale wake unakuja karibu na ukweli. Yangu haikuwa na ziada hiyo, labda kwa uzee. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba ataijua mita yake kwa hesabu peke yake. Aipime. Lakini hesabu ya kilomita haina ziada namna ile, na hapo ndipo mwenye gari anapoumia bila kujua: dizeli haimlingani, na oili anayodhani ameibadilisha kwa kilomita 5,000 imekwenda 5,300.

Kupima ni rahisi. Dereva alikuwa anaendesha, mimi nimekaa pembeni na simu ya mjukuu wangu yenye programu ya kuonyesha spidi kwa setilaiti. Tulichagua pahala palipo sawa, barabara ya Chake, asubuhi ya Ijumaa mapema hakuna watu, akashika mshale kwenye 50 bila kuuachia. Simu ikasoma 53. Tulipokwenda na kurudi mpaka simu ikatimiza kilomita 50, dashibodi ilikuwa imeandika 47 na kidogo.

Dawa yake kwa gari za waya ni ile gia ndogo ya plastiki. Yetu ilikuwa na meno 19. Fundi akasema tunataka ya meno 18, kwa sababu meno yakipungua inazunguka haraka zaidi. Hapa Pemba hatukuipata, ikaja kwa boti kutoka Unguja, kutoka kwenye giaboksi la gari iliyovunjwa. Kuifunga hakukuchukua hata saa moja. Tukapima tena safari ile ile: simu 50, dashibodi 49.8. Gari mpya hazina waya, zina kifaa kinachotuma umeme kutoka giaboksi, na hizo hurekebishwa na fundi wa umeme kwa kompyuta, au kwa kufungiwa kisanduku kidogo kinachosahihisha hesabu kabla haijafika kwenye dashibodi. Zenye kidhibiti mwendo kinachosoma kifaa hicho hicho, basi nacho kinakosea pamoja na mita.

Jambo jengine alilotuonya fundi: ule mpira wa akiba wa 7.50 usije ukafungwa nyuma pacha na wa 8.25. Mmoja utabeba mzigo wote na kupata moto, na mwengine utaburuzwa. Tumeuuza.

Ninachoomba ni hiki. Wauzaji wa mipira, ukimpa mteja saizi isiyokuwa yake, mwambie kwa mdomo wako kwamba mita itakosea, na uandike saizi zote mbili kwenye risiti. Mafundi gereji, ulizeni kama alivyouliza yule mzee. Na wanaokagua magari kila mwaka, wanapoangalia taa na breki, wainame pia wasome ubavu wa mpira na walinganishe na kibati cha gari kinachotaja saizi yake.

Mshahara niliomkata nimemrejeshea wote. Nimemwomba radhi nyumbani kwake, mbele ya mama yake. Amesema yameisha, na bado anaendesha gari ile. Lakini wale waliokuwa barazani siku ile walikuwa zaidi ya kumi, nao wametawanyika, mmoja yuko Mkoani, wawili wamehamia Unguja, na sijui wamemsimulia nani. Siwezi kuwafuata mlango kwa mlango. Gazeti lako linafika huko kote, ndiyo maana nimeandika.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba