Mwanangu, anza na fremu

Mwanangu mpendwa,

Mchoro wako wa gari la mbio umefika. Nimeutandaza juu ya meza ya kazi hapa Kariobangi Light Industries, na vijana wote wa karakana wamepita kuutazama. Una mkono mzuri, na nimefurahi sana. Ila injini umeieleza kurasa nzima nzima, fremu, yaani mifupa ya gari, ukaipa mistari michache tu, na mimi shida yangu iko kwenye fremu.

Gari la kukimbia robo maili, yaani mita 402, likijengwa kwa mabomba, basi mabomba hayo ndiyo gari lenyewe. Injini ikifa, tutatafuta nyingine Kirinyaga Road. Ungio likiachia ukiwa kwenye kilomita 200 kwa saa, wewe sitakupata duka lolote.

Kwa hiyo mabomba ya geti usiyaguse. NHRA, chama cha Marekani cha mbio hizi kilichoanzishwa 1951, kinataka kizimba cha dereva kiwe cha bomba la kipenyo cha milimita 41 hivi, lenye ukuta wa milimita 3 kwa chuma cha kawaida, au 2.1 kwa kromoli, yaani chuma kilichochanganywa na kromi na molibdeni. Kromoli ina nguvu zaidi, ndiyo maana bomba lake linaweza kuwa jembamba na jepesi, lakini huchomelewa kwa tigi, yaani umeme unaokingwa na gesi ya agoni, si kwa rodi zetu hizi. Kichwa cha bomba ukikate kwa mviringo kikumbatie mwenzake. Ukucha ukipenya kwenye mwanya, kata kingine. Usizibe kwa moto.

Grinda nayo iweke mbali. Kwenye geti tunasaga mshono hadi ulainike, tunapaka rangi, mteja anaondoka ameridhika. Kwenye gari hili ni marufuku. Kusaga kunapunguza chuma pale pale panapobeba mzigo, na mkaguzi lazima auone mshono ulivyolala.

Kuna lingine, na hapa silegezi. Umejichora nyuma ya injini, giaboksi katikati ya miguu, kama dragsta, magari marefu ya mbio hizi, za zamani. Najua zinapendeza. Mwaka 1970, giaboksi ya dereva Mmarekani Don Garlits ililipuka kwenye mstari wa kuanzia huko California, ikamkata sehemu ya mguu wa kulia. Alipokuwa anauguza jeraha akabuni gari lenye injini nyuma ya dereva, na 1971 akaanza kushinda nalo. Dragsta za Top Fuel za leo, daraja la magari yenye kasi kuliko yote, zote zimefuata mpango huo. Hamisha kiti chako mbele.

Tabo, kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, sina neno nayo. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo tabo itakusaidia. Lakini gari hili halitakanyaga Thika Road usiku, hata kwa kujaribu. Litabebwa kwa lori hadi mahali palipofungwa, penye ambulensi.

Ukija mwisho wa mwezi, njoo na mchoro mpya. Nitakuwa nimetafuta vipande vya kromoli. Utavichomelea mwenyewe, kisha tuvikate katikati kwa msumeno tuone kama chuma kimeyeyuka hadi ndani. Ambapo hakijayeyuka, utarudia, nami nitakaa nawe hadi usiku ikibidi.

Mama yako naye ameutazama mchoro, anauliza mishipi ya kiti itafungwa kwenye bomba lipi. Nimetafuta, sikuona. Tujibu hilo kwanza.

Baba yako