Nyumbu wasiuawe, ila malisho yalipiwe

Mhariri,

Mimi ni mfugaji Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Ndama wa nyumbu hawaugui, lakini virusi wanavyotoa wakiwa wachanga huua ng'ombe, na tiba hakuna. Nyumbu wanapozaa nahamishia mifugo kwenye nyasi duni (zile bora wamekalia wao!), na maziwa yanakauka.

Jirani zangu wanataka nyumbu wapunguzwe kwa risasi. Mimi nakataa. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na wa huku wamebaki wachache. Seng'enge za mashamba zimewafungia njia.

Ila mnyama ni wa serikali, nyasi ni zangu. Tulipwe kodi ya malisho miezi hiyo, tumechoka na ahadi za barazani.

Mfugaji,
Kitengela, Kajiado