YAH: REZINI MLIYONIUZIA KAMA EPOKSI IMEYEYUSHA UBAO

Mwanjelwa, Mbeya
21 Julai

Kwa Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi seremala. Mteja wangu wa huko Dar aliniagiza ubao wa kuteleza mawimbini, mrefu, wa mtindo wa miaka ya 1960: ule ambao mtu anatembea juu yake hadi mbele kabisa, anasimama vidole vya miguu vikining'inia puani. Futi 9 na inchi 6, upana inchi 23, pua inchi 18 na nusu. Mwili wake ni povu jeupe la polistirini, katikati una uti wa mbao ya paina. (Ndiyo, seremala wa Mbeya. Mbao za paina za uti tunazo huku, nyie mna bahari.)

Tarehe 2 Julai niliwalipa shilingi 310,000 kwa lita 5 za epoksi, yaani rezini ya maji ya kupaka juu ya povu ikauke iwe ngumu, pamoja na hadina yake, dawa ya kuikausha. Mzigo ulifika kwa basi, dumu limeandikwa epoksi kwa herufi kubwa, ila hadina ilikuwa kwenye kichupa kama cha dawa ya kikohozi. Epoksi niliyozoea, hadina yake hufika nusu ya rezini. Nikapiga simu. Kijana wenu akanijibu, "Hiyo ni mpya fundi, ni matone tu." Hapo ningeacha. Sikuacha, na hilo kosa nalibeba mwenyewe.

Ubao ulikuwa umelala chali, tumbo juu, nimeutandikia kitambaa cha faiba. Nilianzia puani kwa sababu ndiko kulikonichosha zaidi. Chini ya pua nilichonga mbonyeo wa robo inchi, kwa msasa na rula, siku tatu nzima. Mbonyeo huo ndio unaoyapokea maji na kuinua pua mtu akisimama mbele. Nyuma, mkia umepindishwa juu ili maji yanayopita yaung'ang'anie na kuuvuta chini. Kimoja kikikosekana, mtu anazama kichwa kwanza.

Nilimimina, nikasambaza kwa kipande cha plastiki. Dakika mbili hazikufika, kitambaa kikaanza kudidimia. Nikakiinua: povu lile jeupe linasinyaa na kugeuka uji unaonata, linauacha uti wa paina umesimama peke yake kama mfupa wa samaki. Harufu kali ikajaa karakana nzima. Epoksi hainuki vile.

Nilipowapigia tena, nikaambiwa ni baridi ya Mbeya. Ndugu Meneja, baridi naijua, asubuhi hiyo karakana ilikuwa nyuzi 14. Baridi huchelewesha rezini kukauka. Haiyeyushi povu. Kinachoyeyusha povu la polistirini ni stairini, na stairini imo kwenye rezini ya aina nyingine, poliesta, ambayo ndiyo mliyonitumia. Poliesta si mbaya, mbao za mawimbini za zamani zilipakwa hiyo hiyo, lakini povu lake lilikuwa la poliyurethani, ambalo haliliwi. Mimi niliagiza epoksi kwa sababu povu langu ni polistirini, na nililitaja kwenye oda.

Nimejaribu pia kwenye vipande viwili vya povu. Kimoja nilikidondoshea rezini yenu, kikatoboka. Kingine nilikipaka epoksi iliyobaki kwenye kopo langu la mwaka jana, mpaka leo kizima.

Naomba mnirudishie shilingi 310,000, mnilipe bloku la povu shilingi 190,000, na mnipe barua ya kukiri kosa nimwonyeshe mteja, maana kwa sasa anaamini nimekula pesa yake. Siku 9 za kuchonga sizidai. Nawapa siku 14, baada ya hapo nalipeleka Tume ya Ushindani.

Dumu nimelifunga, rezini iliyobaki imo ndani. Mkituma mtu wenu, aje na kipande chake cha povu, adondoshe mwenyewe.

Wenu,
Fundi seremala, Mwanjelwa