Barua ya kufunga shule: kuanzia Januari mtoto asilete kuni

Ndugu wazazi na walezi,

Wazee wangu shikamooni, na wengine wote habari za mashamba.

Ripoti ya mtoto wako imo ndani ya bahasha hii. Matokeo ya darasa la saba mmekwisha kuyaona ubaoni, na ya darasa la nne yakitoka yatabandikwa papo hapo. Tarehe ya kufungua shule imeandikwa chini ya ripoti. Habari za sare, madaftari na nywele tulizimaliza mkutanoni, sitazirudia. Leo nina neno moja tu, nalo ni kuni.

Kuanzia Januari hakuna mtoto atakayeagizwa kuja na kuni shuleni. Si Ijumaa, si siku nyingine yoyote, hata kijiti kimoja. Mtoto akikwambia mwalimu kaagiza kuni, njoo ofisini uniulize mimi.

Wengi mmesikia yaliyotokea mwezi wa nane, lakini mmesikia vipande vipande. Askari wa misitu alifika ofisini na watoto watatu wa darasa la tano. Aliwakuta ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, kila mmoja na tita la miti mibichi, miche iliyokuwa bado inatafuta jua, unene wake kama mpini wa jembe. Si matawi makavu yaliyoanguka. Askari alitegemea niwaadhibu mbele yake. Nikawauliza kwanza kuni zile zilikuwa za nani. Mmoja akajibu huku akitazama miguu yake: "Za shule, mwalimu. Kesho Ijumaa."

Darasani kwao, juu ya ubao, kuna bango walilolichora wenyewe: Misitu ni uhai. Nilimwomba radhi askari, nikawaomba radhi watoto, na leo nawaomba radhi ninyi. Utaratibu wa kuni za Ijumaa niliukuta, ni kweli, lakini nimeuendeleza miaka yote niliyokaa hapa bila kujiuliza mtoto wa miaka kumi anazitoa wapi. Wenye mashamba makubwa walitoa shambani. Asiye na shamba alipanda mlimani.

Baada ya siku ile darasa la sita walipiga hesabu na mwalimu wao. Wanafunzi 412, kuni mbili kila mmoja kwa wiki, wiki 38 za masomo: vipande zaidi ya 31,000 kwa mwaka. Hapa kijijini hakuna nyumba inayochoma kuni kama shule. Tena tulikuwa tunazichoma juu ya mafiga, sufuria kubwa imekaa juu ya mawe matatu, moto unatoka pembeni na kupasha ukuta.

Sasa niwaeleze tulipofika. Mlichangia matofali na nguvu kazi, na jiko banifu limekamilika. Sufuria inazama ndani ya jiko, moto hauna pa kutorokea, na moshi unapanda kwenye bomba hadi nje ya paa. Mpishi wetu, ambaye mnamjua wote na mnayajua macho yake mekundu, aliniambia wiki ya kwanza kwamba anarudi nyumbani na nguo zisizonuka. Kuni tunazotumia sasa ni kidogo kuliko nusu ya zile za zamani, na tunazipata kwa kupogoa migrivea ya mpaka wa shule iliyopandwa na walimu walionitangulia. Mgrivea ukiupogoa vizuri unachipua tena. Tunazipasua na kuzianika mwezi mzima kabla ya kuzichoma, maana kuni mbichi hutumia moto wake kujikausha zenyewe na kukuachia moshi.

Hata hivyo hatujafika. Serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na sisi tunalisha mara nne ya hapo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Mtoto wa darasa la kwanza wa leo atakuwa bado yuko sekondari. Uji wa asubuhi tumeanza kuupika kwa gesi, na mtungi wa kilo 38 unatufaa. Makande ndiyo yanayotushinda. Mahindi na maharage ya watu 400 yanakula gesi mpaka mhasibu wa kamati anashika kichwa, na gari la kuleta mtungi kutoka Muheza nalo halipandi bure. Kwa hiyo tunaloweka. Mahindi na maharage yanalala ndani ya maji usiku kucha, asubuhi maji yale yanamwagwa, na makande yanaiva mapema kuliko zamani kwa muda wa kipindi kizima na zaidi. Kamati ya shule italeta hesabu ya gesi kwenye mkutano wa Januari, mjadili na kuamua wenyewe. Mimi sitaweka mchango wowote kwa barua.

Kwa nyumbani, simwambii mzazi anunue gesi. Najua bei ya kujaza mtungi, na najua iliki na mdalasini havilipi kila mwezi. Lakini kuloweka maharage hakuna gharama. Kufunika sufuria hakuna gharama. Na mtoto mchanga asiwekwe jikoni wakati wa moshi kwa sababu tu huko kuna joto; Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, ambayo sehemu kubwa ni moshi wa kupikia, inaua watu karibu milioni 3 kwa mwaka, na wadogo wamo. Mwalimu wa darasa la kwanza anawajua kwa kikohozi watoto wanaosomea karibu na mafiga.

Niende kwenye miti, ambako nina aibu nyingine. Siku ya Taifa ya Upandaji Miti, tarehe 1 Aprili, tulipanda miche 180 pale kwenye uwanja wa chini. Wageni walikuja, picha zikapigwa, na mimi nilikuwa mmoja wa waliosimama kupigwa picha. Mwezi wa kumi tulihesabu: iliyo hai ni 67. Mbuzi wamekula mingine, na sitawataja wenye mbuzi. Mingine tulipoing'oa tulikuta mizizi imejikunja ndani ya kiriba, mtoto alifukia mche na mfuko wake kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha. Misambu yote iliungua, na hilo ni kosa letu walimu. Msambu ni mti wa msituni, mche wake unataka kivuli, sisi tuliuweka juani katikati ya uwanja.

Bibi mmoja aliyekuja kuwafundisha watoto kitaluni alinisema mbele yao: "Mwalimu, mnapanda kama mnatupa." Akaendelea kuwaeleza kwamba kuna misambu dume na jike, ukipanda mmoja peke yake usingoje tunda. Akawaonyesha pia mihesi iliyozunguka shule. Muhesi si wa milima hii, asili yake ni kule upande wa ziwa Victoria. Ulipandwa hapa enzi za wakoloni, ndege waitwao hondohondo wakala matunda wakasambaza mbegu, na leo umeingia msituni pasipo kupandwa na mtu. Watoto walishangaa kwamba mti nao unaweza kuwa mgeni asiyeondoka. Somo lile lilinizidi mimi na shahada yangu.

Novemba, darasa la sita walichukua chupa mbili baada ya mvua, moja wakajaza maji ya kijito kinachotoka msituni, nyingine ya kijito kinachopita kwenye mashamba ya mteremko. Chupa zipo dirishani kwangu, karibuni mzione. Ya pili ina tope la vidole vitatu. Vijito vyote viwili vinaishia mto Zigi, na maji ya Zigi ndiyo wanayokunywa ndugu zenu walioko Tanga mjini.

Likizo hii kila mtoto anarudi na miche miwili, mgrivea mmoja wa mpakani na mdalasini mmoja. Ipandwe wiki hii ardhi ikiwa bado na maji. Kiriba kichanwe na kutolewa, udongo ubaki umeshika mizizi. Shina lizungushiwe matandazo ya majani ya mgomba, na mdalasini upate kivuli cha migomba. Januari na Februari jua likikaza, maji ya kuoshea vyombo yanatosha, yasiwe na sabuni nyingi. Msambu tutaupanda wenyewe masika, chini ya miti mikubwa iliyopo nyuma ya madarasa. Viriba vilivyochanwa virudishwe, tusivikute mtoni.

La mwisho. Wale watoto watatu ndio wanaoshika ufunguo wa kitalu sasa, walijitolea wenyewe, na kati ya miche mnayoletewa mingi imepita mikononi mwao. Nasikia huko mitaani wanaitwa "wezi wa kuni". Naomba jina hilo liishe kabla shule haijafunguliwa.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu