Mheshimiwa, Fungua Stoo Kanda Zinakiliwe

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya filamu na muziki,

Pokea salamu zangu kutoka Nyalenda, Kisumu. Barua zangu za awali nilizileta ofisini kwako kwa mkono, zikapigwa mhuri wa kupokelewa, zikanyamaza. Hii naiandika mbele ya umma, kuhusu kanda za studio za muziki wa filamu ulizozifungia stoo.

Wiki iliyopita ulituonyesha ile filamu ya zamani ambayo mji huu umeikariri neno kwa neno. Gitaa la mwanzo lilipolia tu, watu wakasimama, akina mama wakapiga vigelegele, nawe ukashika kipaza sauti ukasema muziki huu ni urithi wetu. Mheshimiwa, mzee aliyepiga ngoma kwenye muziki huo alikuwa nje ya kamba, ameegemea mkongojo, kwa sababu jina lake halikuwa kwenye orodha ya wageni. Aliyepiga gitaa la besi ni baba yangu, na yeye hakuweza hata kutoka kitandani. Figo zimemwangusha. Kila wiki tunachangisha nauli na dawa. Cherehani yangu nimeshaiuza, na mwenye nyumba ameanza kubisha hodi alfajiri. Baba na wenzake walilipwa mara moja tu, mwaka wa 1977, ujira wa siku walizokaa studio. Baada ya hapo, hata senti.

Kabla hujakikalia kiti hicho ulikuja kwetu, ukanywa chai yetu, ukaahidi kwamba muziki wa filamu ile utatolewa upya, kwenye santuri na kwenye intaneti, na wazee wapate mirabaha yao wakiwa hai. "Ahadi ni deni," ulisema mwenyewe. Katika bendi nzima wamebaki wawili tu, baba na yule mpiga ngoma.

Karani wako ananiambia muziki si umo ndani ya filamu, tuutoe humo. Hilo haliwezekani. Kwenye mkanda wa filamu, gitaa limeshachanganywa na maneno ya waigizaji, milango inayofungwa na magari yanayopita, na njia ya sauti iliyo pembeni mwa picha hupunguza ile milio ya juu ya nyuzi ambayo ndiyo utamu wa benga. Wimbo ambao kwenye filamu unakatwa katikati, studio ulipigwa hadi mwisho. Unaopatikana mzima uko mahali pamoja tu: kwenye zile kanda za sumaku zilizo katika stoo yako.

Na kanda hizo haziwezi kungoja. Kanda nyingi za miaka hiyo zina gundi inayoshika unga wa sumaku, na gundi hiyo hunyonya unyevu. Huu ni mji wa ziwa, Mheshimiwa. Gundi ikilegea, kanda hunata kwenye mtambo, unga ukabanduka, na sauti ikaondoka pamoja nao. Mafundi huzipasha joto la nyuzi kama 50 za Selsiasi kwa saa nyingi, kisha huzinakili haraka kabla hazijaanza kunata tena. Lakini fundi hawezi kupasha kanda iliyofungiwa kwa kufuli.

Kuna na sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda rekodi ya sauti kwa miaka 50, ikihesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Ya 1977 itafika kikomo mwisho wa 2027. Mtunzi analindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, lakini baba hakutunga, alipiga. Nahisi kuna mtu anaisubiri tarehe hiyo ipite. Au labda faili limekaliwa na mtu anayetaka kitu kidogo. Ukimya wako ndio unaotufanya tuwaze hivi.

Wengine wameweza. Muziki wa ile filamu ya Jamaika, The Harder They Come, ulitoka 1972, na mwaka wa 2003 ukatolewa tena kwa diski mbili. Nyimbo za Kenya za miaka ya 1970 na 1980 zilikusanywa na Soundway, kampuni ya santuri ya London, mwaka wa 2013 zikaitwa Kenya Special. Mzungu wa London anaweza kutusikiliza. Sisi tunazuiwa mlangoni. Mwigizaji Joseph Olita, mtu wa Siaya, tunamkumbuka kwa uso wake alivyomwigiza Idi Amin kwenye filamu ya mwaka wa 1981. Mpiga besi hana uso kwenye skrini. Ana sauti tu, na hiyo ndiyo mmeifungia.

Nilikuwa na madai mengi: mirabaha, majina ya wazee kwenye jalada, fidia. Sijayaacha. Lakini leo naomba moja. Fungua stoo, mwite fundi, kanda zinakiliwe. Ukikosa bajeti, sema, tutachanga sisi watu wa Nyalenda na Kondele. Usipotaka kuzitoa, ziache hapohapo, fundi aje kwako na mtambo wake. Zinakiliwe mwezi huu, baba asikie besi yake wimbo wote hadi mwisho. Tupe tarehe, Mheshimiwa. Tarehe tu, kwa maandishi.

Wako kwa heshima,
Binti wa mpiga besi, Nyalenda, Kisumu