Kwa vijana wa Geita na Kahama mnaouzia migodi: kabla ya bei, someni siku za malipo

Wanangu,

Mkipata zabuni ya kampuni kubwa ya kigeni, hesabu ya faida hupigwa usiku uleule. Bei mnaisoma vizuri. Kipengele cha malipo mnakiruka, na hicho ndicho kinachofilisi.

Tuseme mzigo wa sare ni shilingi milioni 50 kabla ya VAT, faida milioni 5. Mkopo wa milioni 40, riba asilimia 2.5 kwa mwezi, mmeuchukua katikati ya Februari. Sare zimefika ghalani 5 Machi na mkataba unasema malipo ndani ya siku 60. Ninyi mnahesabu tangu mzigo uliposhushwa. Kampuni inahesabu tangu ilipopokea ankara isiyo na kasoro. Ikirudishwa kwa kukosa namba ya LPO (hati ya kampuni ya kuagiza mzigo), au kwa kuwa hati ya kupokelea mzigo inasema jozi 480 na ankara inasema 500, ikaja kukubaliwa 20 Machi, fedha mtaziona 19 Mei. Riba ya miezi mitatu ni milioni 3. Zimebaki 2, na mwenye lori hajalipwa.

TRA nao hawangoji. Mkishatoa risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) mwezi Machi, VAT ya asilimia 18, yaani milioni 9, inadaiwa ifikapo 20 Aprili, mmelipwa au hamjalipwa. VAT mliyolipa mliponunua kwa aliyesajiliwa mtaikata humo. Ushonaji wa mafundi wa mtaani wasiosajiliwa hauna cha kukata.

Kwa hiyo ombeni siku 30 kabla ya kusaini. Wakikataa, pelekeni mzigo kwa mafungu, kila fungu na ankara yake. Ombeni pia iandikwe kwamba ankara yenye kasoro itarudishwa ndani ya siku tatu. Bila hivyo inaweza kulala mezani mwezi mzima na hakuna wa kumlaumu. Kanuni za madini za 2018 zinawapa Watanzania kipaumbele katika manunuzi ya migodi. Wengi hukitumia kuingilia mlangoni tu, wakati ni hoja nzuri ya kudaia masharti haya.

Mkataba wa miaka mitatu mara nyingi hautaji kiasi cha kununuliwa. Msinunulie lori juu yake. Kinachoifunga kampuni ni LPO. Mkuu wa idara akisema "leteni tu, karatasi zitafuata", mzigo ubaki kwenu, maana mhasibu hamjui huyo mkuu wa idara wala ahadi yake.

Jambo la mwisho ni sarafu. Tangu Machi 2025 kutaja bei na kulipana kwa dola humu nchini kumekatazwa, ila viatu vya kazi vinavyotoka China bado mnavinunua kwa dola. Wekeni kipengele cha kujadili bei upya shilingi ikishuka kwa asilimia 5, na mtaje ni kiwango cha ubadilishaji cha siku gani kitakachotumika.

Mzee wenu